Kuongoza wauzaji walioko mikoani ukiwa mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mameneja wa mauzo wa kanda ambao ofisi yao iko Dar es Salaam na wauzaji wao wako Mwanza, Kahama, Mbeya, Songea au Masasi. Tumechukulia bidhaa za dukani (sabuni, mafuta ya kupikia, vinywaji, biskuti) zinazopita kwa msambazaji, duka la jumla, kisha rejareja. Viwango vya maduka, mizigo na fedha ni vya mfano ili hesabu ionekane. Weka vyako.

Meneja mmoja anabeba wauzaji wangapi?

Sita hadi 8, kama unaongea nao moja kwa moja. Wakikaribia 10 weka supavaiza, na supavaiza akae hukohuko kandani. Ukimweka ofisini kwako umeongeza tu mtu mwingine wa kupiga simu.

Kinachobana ni saa za kazi. Kila muuzaji anahitaji mazungumzo ya peke yake ya nusu saa kila wiki mbili, ripoti yake isomwe kila jioni, na madeni yake yahakikiwe kila mwezi. Ongeza na siku zako za safari. Watu wakizidi 8, kitu cha kwanza kuachwa ni uhakiki, maana hakuna anayelalamika usipoufanya.

Angalia pia kanda yenyewe. "Kanda ya Ziwa" ni neno moja lenye Mwanza, Geita, Shinyanga, Simiyu, Mara na Kagera ndani yake. Mwanza mjini muuzaji anaweza kupita maduka 25 hadi 30 kwa siku. Ngara au Muleba vijijini, 12 hadi 15 ni kazi nzuri. Ukiwapa wote kipimo cha 25, wa Ngara atakuandikia 25. Na kama ramani yako ya ruti ilichorwa kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, ichore upya: muda uliokuwa unaishia kwenye foleni ya kivuko kwenda Sengerema na Geita sasa unatosha kuongeza maduka kadhaa.

Niajiri mtu wa huko au nihamishe mtu ninayemwamini kutoka Dar?

Wa huko, karibu kila mara. Anajua nani analipa, duka gani linafunguliwa saa 4 asubuhi, na gulio la wapi linaangukia siku gani. Aliyehamishwa huchukua miezi kulijua hilo, na akishalijua anaanza kuulizia uhamisho wa kurudi.

Kosa la kawaida ni kumwachia msambazaji akutafutie mtu. Utapata mpwa wake, na hakuna mpwa atakayekuambia kwamba stoo ya mjomba ina mzigo uliokaribia kuisha muda.

Kabla ya mkataba, mlipe mwombaji siku moja ya majaribio barabarani na mtu wako awe naye. Mtu wako atazame kama mwombaji anaangalia rafu kabla ya kuanza kuongea, kama anaandika palepale au anasema "nitakumbuka", na mwenye duka akimjibu vibaya anafanyaje. Namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili chukua kama kawaida, lakini wadhamini wapigie wewe mwenyewe. Barua ya mdhamini ambayo haijawahi kupigiwa simu ni karatasi tu.

Ripoti ya siku iwe na nini?

Tarakimu tano na sentensi moja, zifike kabla ya saa 12 jioni. Mfano wa ujumbe kamili:

*Tar 14. Igoma. Pangwa 28. Pita 26. Nunua 13. Mauzo 845,000. Kusanya 610,000. Mshindani ameshusha katoni kwa 1,500 tangu Jumatatu.*

Basi. Fomu ya safu 30 hujazwa saa 4 usiku kwa kukumbuka, na anayejaza kwa kukumbuka hujaza kinachopendeza.

Katika hizo tano utapata mbili nyingine: walionunua kwa waliopitiwa (13 kwa 26, yaani 50%) na wastani wa oda (845,000 kwa 13, yaani 65,000). Kila moja ikishuka ina ugonjwa wake. "Pita" ikishuka, uliza barabara, mafuta, pikipiki, afya. Baada ya hapo ndipo ufikirie uvivu. "Pita" ikiwa palepale na "nunua" ikashuka, tatizo mara nyingi si muuzaji: bidhaa imeisha kwa msambazaji, bei ya mshindani imeshuka, au maduka yalijazwa mno mwezi uliopita. Wastani wa oda ukishuka kwa wauzaji wote kwa pamoja, mitaji ya maduka imekauka. Januari, wazazi wanapolipa ada na kununua sare, jambo hilo linatarajiwa.

Hatari zaidi ni mauzo yanayopanda huku makusanyo yakishuka. Grupu zima litampongeza mtu huyo, kumbe anagawa mzigo kwa mkopo.

Nitajuaje kwamba kweli amefika dukani?

Programu za mauzo zenye GPS na picha zinasaidia, ila usizifanye hakimu. Sokoni ndani, chini ya mabati na kuta za zege, GPS inaruka mita nyingi. Muuzaji mwaminifu anaonekana yuko mtaa wa pili. Wakati huohuo, asiye mwaminifu anaweza kusimama kona moja yenye maduka sita na "kuyatembelea" yote kwa dakika tisa.

Kwa hiyo soma mfuatano. Ziara sita zenye pengo la dakika moja na nusu kila moja hazikuwa ziara. Oda zote zikiingia kati ya saa 10 na saa 11 jioni, ameandika akiwa amekaa mahali pamoja, isipokuwa kama simu yake ilikosa mtandao mchana kutwa na programu ikatuma zote kwa mkupuo. Angalia saa ya kuandikwa, si ya kupokelewa. Kwenye picha za rafu tazama vitu vya pembeni: kalenda ukutani, mzani umekaa upande gani, chupa ya tatu kutoka kushoto imegeuka vilevile kama wiki iliyopita. Rafu ya duka linalouza haifanani wiki mbili mfululizo.

Halafu pigia maduka. Maduka matano kwa kila muuzaji kwa mwezi, uyachague wewe, na maswali mawili tu: mara ya mwisho alikuja lini, na ulichukua nini. Mwenye duka hana sababu ya kumfichia, labda kama anadaiwa naye.

Naruhusiwa kumfuatilia kwa GPS?

Mahali alipo mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mwandikie unachokusanya, sababu, nani anaona, na utakihifadhi muda gani. Asaini kabla simu haijawashwa. Programu izime kufuatilia saa za kazi zikiisha. Kampuni inayojua muuzaji wake alilala wapi Jumamosi inajitafutia kesi, na haijaongeza hata katoni moja.

Tageti za mikoani zigawanywe vipi?

Usichukue ya mwaka ukagawa kwa 12, kisha kwa idadi ya wauzaji. Mikoa inapata fedha kwa misimu, na misimu haifanani. Shinyanga na Simiyu, fedha ya pamba inaanza kuingia soko la pamba likifunguliwa, kwa kawaida Mei. Kagera kahawa nayo huanza miezi hiyohiyo. Mtwara na Lindi minada ya korosho huanza kwenye Oktoba. Tabora wana tumbaku, katikati ya mwaka. Rukwa na Ruvuma wana mahindi baada ya mavuno. Anayeuza Masasi akipewa tageti sawa Juni na Novemba, Juni utamwita mzembe na Novemba utamwita shujaa, ilhali ni mtu yuleyule kwenye ruti ileile.

Njia rahisi: chukua mauzo ya miaka miwili ya kila mkoa, toa asilimia ya kila mwezi katika mwaka, halafu tumia asilimia hizo kuigawa tageti mpya. Kama mkoa una tageti ya milioni 240 kwa mwaka na Novemba kwa kawaida hubeba 14%, tageti ya Novemba ni milioni 33.6, si milioni 20. Kama huna rekodi za miaka miwili, kaa na msambazaji na wauzaji wa jumla watatu, waulize miezi yao minne mizuri na minne mibaya. Hawatakosea sana.

Mambo mawili huvuruga hesabu hii. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kulinganisha Machi ya mwaka huu na Machi iliyopita kunaweza kukupotosha, hasa kwa sukari, tambi, tende na vinywaji. Linganisha Ramadhani na Ramadhani. Na fedha ya zao hailingani na tarehe ya mavuno, inalingana na tarehe ya malipo. Korosho ikiwa imeuzwa mnadani lakini mkulima hajalipwa, duka la kijijini bado linakopesha. Mwambie muuzaji wako aulize "mmeshalipwa?", asiulize "mmeshavuna?".

Mwisho wa mwezi tunavunja rekodi, wiki ya kwanza ya mwezi hakuna kitu. Kwa nini?

Kwa sababu unapima mzigo unaoingia kwa msambazaji, si unaotoka. Tarehe 27 muuzaji anamwomba msambazaji achukue katoni 200, "tutaelewana". Zinapokelewa, tageti inatimia, kisha zinalala stooni hadi tarehe 15. Baada ya miezi mitatu ya mchezo huo msambazaji amefunga mtaji wake wote kwenye mzigo wako, na anaanza kuushusha bei ili apate fedha. Sasa duka la jumla la mtaa wa pili linauza chini ya bei yako, na wauzaji wako wengine wanashangaa oda zimeenda wapi.

Dawa ni kuhesabu siku za stoo kila Jumatatu. Gawa katoni zilizopo kwa wastani wa katoni zinazotoka kwa siku. Zikiwepo 420 na zinatoka 28 kwa siku, msambazaji ana siku 15. Kisha weka kiwango cha kuagiza upya: kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na ukijumlisha kusubiri malipo, kupakia na safari, tuseme siku 6; ongeza siku 4 za akiba kwa ajili ya mvua na lori bovu. Siku 10 mara 28 ni katoni 280. Chini ya hapo anaagiza. Akiwa na siku 25, hauziwi hata kama tageti haijatimia. Sheria hiyo ya pili utaivunja wewe mwenyewe mwezi wa kwanza mkurugenzi akipiga simu, kwa hiyo ipeleke kwa mkurugenzi kabla.

Kumbuka pia kwamba mauzo ya namna hii yana risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Mzigo ukirudi, kuna hesabu za VAT za kurekebisha, na mhasibu wako ndiye atakayekesha.

Madeni yanapotea mikononi mwa wauzaji. Tufanyeje?

Swali hili linastahili nafasi kubwa, kwa sababu hapa ndipo timu za mbali hufia.

Wizi wa kawaida haufanywi kwa mara moja. Muuzaji anakusanya 180,000 duka la kwanza, anapata shida nyumbani, anatumia. Wiki inayofuata analipia deni hilo kwa fedha ya duka la pili, la pili kwa fedha ya la tatu. Vitabu vinaonyesha kila duka linalipa, ila kila duka linachelewa siku chache. Shimo linakua polepole hadi siku anayougua, au anayoacha kazi. Dalili ni hizi: malipo yanayoingia kwa tarakimu za mviringo wakati ankara si za mviringo, maduka mapya mengi yenye mkopo, muuzaji asiyetaka kuchukua likizo, na asiyetaka mtu mwingine apite ruti yake hata siku moja.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha fedha na mtu. Duka lilipe kwenye Lipa Namba ya kampuni au akaunti ya benki, kamwe si kwenye namba ya simu ya muuzaji. Wenye maduka watalalamikia makato. Amua mapema kama kampuni inayabeba, usimwachie muuzaji abishane nao kila siku. Wapo watakaoendelea kulipa taslimu, hasa vijijini. Hapo weka kikomo cha fedha anachoruhusiwa kutembea nacho, sema 500,000, akifika hapo anaenda kwa wakala kuweka kabla ya duka linalofuata. Kikomo hicho pia kinamlinda yeye na vibaka.

Hatua ya pili ni mkopo wenye masharti yaliyoandikwa: kiasi cha juu kwa kila duka, siku za kulipa (7 au 14), saini ya mwenye duka kwenye ankara, na oda mpya haitoki kabla deni la zamani halijalipwa. Panga madeni kwa umri: siku 0–7, 8–14, 15–30, zaidi ya 30. Fungu la mwisho lipigie simu wewe.

Hatua ya tatu ni kuhakiki salio na mwenye duka moja kwa moja, madeni 10 kwa kila muuzaji kila mwezi. Namna ya kuuliza ndiyo yote. Ukisema "Mama, unadaiwa 186,000, sivyo?", atakuitikia ili akate simu. Sema hivi:

*"Shikamoo mama. Napiga kutoka ofisi ya Dar, nahakiki madaftari ya wateja wote. Naomba uangalie daftari lako, salio letu linasomeka shilingi ngapi?"*

Kisha nyamaza, asome. Akisema 90,000 na kwako ni 186,000, usimwambie tofauti, usimtaje muuzaji. Mshukuru, mwombe atume picha ya ukurasa huo, kisha pigia maduka mengine matano ya ruti hiyohiyo kabla hujampigia muuzaji. Tofauti moja inaweza kuwa kosa la kuandika. Tatu si kosa.

Fedha ikipotea, naweza kumkata mshahara?

Si kwa kuamua tu. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 unahitaji ridhaa ya maandishi ya mwajiriwa. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Umpe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi ulivyokokotoa. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Kumkata mshahara wote "hadi deni liishe" ni kumfukuzia kwenye kishawishi cha kukusanya zaidi kwa siri, na CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) itakuwa upande wake.

Kamisheni ipangweje?

Ilipwe kwa fedha iliyokusanywa, si kwa ankara iliyoandikwa. Hilo peke yake hupunguza mikopo ya hovyo.

Epuka ngazi ya ghafla. Mpango wa "chini ya 80% hupati kitu, ukifika 80% unapata 1% ya yote" unazalisha tabia mbili. Aliye 60% tarehe 25 anajua hafiki, anaficha oda hadi mwezi ujao. Aliye 79% anazunguka kwa rafiki zake, "chukua tu, utanirudishia". Weka mteremko badala yake: 0.5% kuanzia shilingi ya kwanza hadi 80% ya tageti, 1% kwa sehemu iliyo kati ya 80% na 100%, na 1.5% kwa inayozidi. Kwa tageti ya milioni 20 na makusanyo ya milioni 22, hesabu ni 80,000, jumlisha 40,000, jumlisha 30,000: shilingi 150,000. Muuzaji aweze kuikokotoa mwenyewe kwenye simu akiwa amekaa kijiweni. Asipoweza, haimsukumi.

Mweleze pia, kabla ya mwezi wa kwanza, kwamba kamisheni inaingia kwenye PAYE (kodi inayokatwa kwenye malipo ya mwajiriwa) pamoja na mshahara. Aliyeahidiwa 150,000 akaona pungufu bila maelezo anaamini ameibiwa, na wewe uko mbali kiasi kwamba hawezi kuona uso wako ukimweleza. Na ilipwe tarehe ileile kila mwezi.

Fedha ya mafuta ya pikipiki nitoe kiasi gani?

Pangia kwa lita, si kwa shilingi. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana mji na mji. Posho iliyowekwa kwa shilingi mwaka jana inamfanya muuzaji akate ruti za mbali kimyakimya. Pikipiki ya 125cc inayotunzwa hutembea takriban kilomita 40 kwa lita. Ruti ya kilomita 60 kwa siku, siku 24, ni kilomita 1,440, yaani lita 36. Mpe 40, maana masika kwenye udongo wa mfinyanzi inakunywa zaidi. Oili ibadilishwe kila kilomita 2,000, ambayo kwa mwendo huo ni takriban wiki sita. Weka fungu la oili, tairi na breki peke yake. Likichanganywa na mafuta, litaliwa na mafuta. Leseni, bima na helmeti zihakikiwe kwa picha kila robo mwaka.

Mikutano na grupu la WhatsApp viendeshweje?

Jumatatu saa 2 asubuhi, dakika 30, sauti tu. Video inamaliza bando na inakata Sumbawanga wakati Dar inaonekana safi. Kila mtu dakika mbili: wiki iliyopita, wiki hii, kilichokwama. Kilichokwama kikiwa cha mtu mmoja, kipelekwe kwenye simu ya watu wawili baada ya mkutano.

Grupu liwe la kazi: ripoti, bei mpya, picha za rafu. Video za mahubiri na "habari za asubuhi" zenye maua zipelekwe grupu lingine. Zisipigwe marufuku kabisa, watu wanaofanya kazi peke yao wanahitaji pa kutaniana. Ujumbe wako wa sauti usizidi dakika mbili, na agizo lolote lenye tarakimu liandikwe, kwa sababu hakuna atakayesikiliza tena dakika sita akitafuta bei ya katoni.

Usimkaripie mtu kwenye grupu. Wenzake watamhurumia, na kesho wote wataanza kukutumia ripoti nzuri.

Baadhi ya wauzaji wamenizidi umri. Nawasahihishaje?

Shikamoo kwanza, hata kama wewe ndiye bosi na hata kama una hasira. Kisha namba, kwa simu ya watu wawili: "Mzee, wiki hii Tunduma tumepita maduka 61, wiki iliyopita 88. Kimetukwamisha nini?" Mpe nafasi ajibu hadi mwisho, hata akianzia mbali. Mara nyingi anajua kitu ambacho programu yako haikijui.

Mpe kazi inayolingana na heshima yake: wauzaji wa jumla wagumu, ambao kijana akienda wanamwachia msaidizi wa duka, au kumlea muuzaji mpya kwa mwezi mmoja. Lakini ripoti ya jioni na uhakiki wa madeni havina mzee. Ukimsamehe mmoja kwa umri, vijana wataacha ndani ya wiki.

Niende kandani mara ngapi, na nikifika nifanye nini?

Siku 3 kila mwezi, na siku ya kwanza iwe ya ruti, kabla ya vikao na chakula cha msambazaji. Chagua ruti wewe, jioni ya kuamkia siku hiyo. Ukimwachia muuzaji achague, utapelekwa kwenye maduka ya marafiki, rafu zimepangwa na bango jipya limebandikwa jana. Maduka manne au matano ya mwanzo kaa kimya, mwache auze. Ukianza kuuza wewe, utajua tu kwamba wewe unajua kuuza.

Siku ya pili ni stoo na madeni. Hesabu katoni kwa mikono, ukianzia nyuma. Mzigo wa mbele husogezwa, wa nyuma husahaulika, na tarehe za kuisha muda ziko hukohuko. Siku ya tatu msambazaji asubuhi, muuzaji mchana, na mwisho mwachie kwenye karatasi mambo mawili ya kurekebisha kabla hujarudi. Yakiwa saba hatafanya hata moja.

Mtandao ukikosekana?

Simu ya laini mbili za mitandao tofauti, maana kuna vijiji unakopata mmoja tu. Programu ya oda iwe inafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Pawabenki ya angalau mAh 10,000. Bando lilipwe na kampuni na liingie Jumatatu asubuhi, si "utarudishiwa". Na wawe na njia ya akiba: ile ripoti ya mstari mmoja inaingia vizuri kwenye SMS ya kawaida.

Timu yangu inavuka mipaka. Saa tunazipangaje?

Tanzania, Kenya na Uganda wanatumia saa ileile. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wako nyuma kwa saa moja. Andika "08:00 Dar / 07:00 Kigali" kwenye kila mwaliko.

Muuzaji akiacha kazi ghafla, wateja wanaenda naye. Nizuie vipi?

Mapema, kwa laini. Namba anayopigiwa na maduka isajiliwe kwa jina la kampuni tangu siku ya kwanza, na WhatsApp yake iwe kwenye laini hiyo. Orodha ya maduka, yenye jina la mwenye duka, mahali, siku ya ziara na kikomo cha mkopo, ikae kwenye mfumo wenu, si kwenye daftari lake.

Siku akitoa notisi, au usipompata kwa simu kwa saa 24, fanya haya kwa mfuatano: zuia oda za mkopo kwenye ruti yake; tuma mtu ahesabu mzigo alionao na kusaini pamoja naye kama yupo; tuma SMS kwa maduka yote ya ruti kwamba malipo ni kwenye Lipa Namba ya kampuni pekee, ukitaja jina la atakayekuja. Kisha ndani ya siku 7 mtu mpya apite maduka yote yenye madeni na karatasi ya salio, mwenye duka asaini anachokubali na aandike anachokipinga. Ukichelewa hadi wiki ya tatu, hata walioujua ukweli watakuwa wamesahau walidaiwa shilingi ngapi. Chukua laini, simu, pikipiki, fulana na kitambulisho kabla ya malipo ya mwisho, na umwandikie hati ya makabidhiano yenye nakala mbili.